Grafu ya sensa inaonyesha ongezeko la watu lilipungua baada ya 2002, hesabu inasema vingine. Tatizo liko wapi?

mchambuzi_kata

Habari za jioni wakuu. Naandaa sura ya kwanza ya ripoti kuhusu mahitaji ya madarasa, na natakiwa kuweka grafu ya idadi ya watu Tanzania kwa sensa zote sita zilizofanyika baada ya Muungano. Takwimu zenyewe, kwa milioni:

1967: 12.3
1978: 17.5
1988: 23.1
2002: 34.4
2012: 44.9
2022: 61.7

Nimechora kwa Excel, aina ya Line. Mstari unapanda, ila kipande cha 2002 hadi 2012 kimelala kidogo kuliko kile cha 1988 hadi 2002. Ukiitazama utasema ongezeko lilipungua. Nikichukua kalamu na kugawa kwa miaka, napata kinyume.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza, kosa la grafu liko wapi? Pili, nataka Bara na Zanzibar zikae kwenye grafu moja, lakini Zanzibar inalala sakafuni hata haionekani kama inapanda. Nimeshauriwa niweke mhimili wa pili upande wa kulia. Ni sawa? Tatu, maelezo ya chini ya grafu yaandikwe vipi ili hata asiyeuona mchoro aelewe?

---

Rula na Penseli

Mkuu, kosa liko kwenye mhimili mlalo. Angalia nafasi kati ya miaka kwenye mchoro wako: zote ni sawa. Lakini sensa zetu hazikupishana sawa. 1967 hadi 1978 ni miaka 11, 1988 hadi 2002 ni miaka 14, nyingine ni miaka 10. Zote zilifanyika Agosti, kwa hiyo kutoa mwaka kwa mwaka kunatosha, huna haja ya kuhesabu miezi.

Chati ya Line huichukulia miaka kama majina tu, sawa na ingekuwa Juma, Asha na Neema. Inayapanga kwa umbali uleule. Matokeo yake ongezeko la miaka 14 (milioni 11.3) limebanwa kwenye upana uleule wa ongezeko la miaka 10 (milioni 10.5). Macho yanapima mwinuko, na yanakuambia cha kwanza ni kikali zaidi. Ukigawa kwa miaka:

1967–1978: milioni 0.47 kwa mwaka
1978–1988: 0.56
1988–2002: 0.81
2002–2012: 1.05
2012–2022: 1.68

Ongezeko la kila mwaka halikupungua hata mara moja.

Namna ya kurekebisha. Weka miaka safu A, idadi safu B. Chagua zote mbili, nenda Insert, kisha Scatter, na uchukue ile yenye nukta zilizounganishwa kwa mistari iliyonyooka. Usichukue ile ya mistari iliyopinda. Ile hupitisha mkunjo mzuri wa kutazama, lakini kati ya sensa mbili inabuni thamani ambazo hakuna aliyezihesabu, na penye badiliko kubwa la mwinuko mkunjo huweza kuvimba kupita nukta zenyewe.

Halafu bofya mara mbili kwenye mhimili mlalo, weka mwanzo 1960, mwisho 2030, hatua 10. Mhimili wima weka 0 hadi 70, hatua 10, na uandike pembeni «Idadi ya watu (milioni)».

Mambo mawili huharibu kazi hapo. La kwanza: mhimili mlalo ukionyesha 1, 2, 3, 4, 5, 6 badala ya miaka, ujue kuna seli moja au zaidi ya mwaka ambayo Excel inaisoma kama maandishi. Mara nyingi ni mtu kaandika «2002*» au «Sensa 2012», au kuna nafasi tupu iliyonakiliwa kutoka PDF. Seli moja tu ya namna hiyo inatosha kuivuruga safu nzima. Dalili yake ni kwamba maandishi hujipanga kushoto mwa seli wakati namba hujipanga kulia. La pili: ukiandika 12,3 kwa mkato badala ya nukta kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza, hiyo si namba tena.

---

Ticha wa Hesabu

Naongeza kwa ajili ya wanaochora kwa mkono, maana takwimu hizi zinakaa vizuri mno kwenye karatasi ya grafu na wanafunzi wanaweza kuliona kosa hili kwa rula.

Chukua karatasi ya miraba midogo ya milimita 2. Mlalo: sm 2 ziwakilishe miaka 10, uanzie 1960. Wima: sm 2 ziwakilishe watu milioni 10, uanzie 0. Kila mraba mdogo unakuwa mwaka mmoja kwa upande mmoja na milioni moja kwa upande mwingine. Grafu nzima inachukua sm 14 kwa sm 14.

Nukta za mlalo kutoka 1960: sm 1.4, 3.6, 5.6, 8.4, 10.4 na 12.4. Kimo chake kwa kufuata mpangilio huohuo: sm 2.5, 3.5, 4.6, 6.9, 9.0 na 12.3. Weka alama ndogo ya msalaba kwa penseli iliyochongwa. Nukta nene hufunika nusu ya mraba, na hiyo ni nusu milioni ya watu.

Faida ya skeli hii ni kwamba mstari wa nyuzi 45 ni ongezeko la milioni moja kwa mwaka kamili. Weka protrakta: kipande cha 1988–2002 kina nyuzi kama 39, cha 2002–2012 kama 46, cha 2012–2022 kama 59. Kisha mwambie mwanafunzi achore upya akiacha sm 2 kati ya kila sensa na inayofuata. Kipande cha 1988–2002 kitaruka hadi nyuzi 48 au 49, na cha 2002–2012 kitabaki 46. Hapo ndipo «kupungua» kulipotokea: kwenye karatasi, si kwa watu.

Kuhusu kuchagua skeli, tumieni sm 1, 2 au 5 kwa kila 10. Anayechagua sm 3 kwa 10 anakuta mraba mdogo ni 0.67, na kila nukta inakuwa ya kukisia.

---

Logi Kumi

Wakuu wawili hapo juu wako sahihi kwa idadi ya watu wanaoongezeka kwa mwaka. Ila mchambuzi asikimbilie kuandika kwamba «kasi ya ukuaji iliongezeka baada ya 2002», kwa sababu kasi ya ukuaji kwenye lugha ya sensa ni asilimia kwa mwaka, na hiyo ilishuka kidogo.

Fomula ya Excel (LN ni logi asilia), ikiwa mwaka uko safu A na idadi iko safu B:

=LN(B3/B2)/(A3-A2)*100

Utapata takriban 3.2 kwa 1967–1978, 2.8 kwa 1978–1988, kati ya 2.8 na 2.9 kwa 1988–2002 (inategemea umekadiria desimali ngapi), 2.7 kwa 2002–2012, na 3.2 kwa 2012–2022.

Kwa hiyo kati ya 2002 na 2012 watu walioongezeka kila mwaka walikuwa wengi zaidi kuliko kipindi kilichotangulia, na papo hapo asilimia ilikuwa ndogo zaidi. Hakuna mgongano. Asilimia 2.7 ya watu milioni 40 ni wengi kuliko asilimia 2.8 ya milioni 28. Grafu yako ya kwanza ilisema «kupungua» kwa sababu mbovu, ya nafasi za miaka. Usiache sababu mbovu ikakuficha jambo la kweli lililopo chini yake.

Msichukue njia ya mkato ya kugawa asilimia ya jumla kwa miaka. Kutoka 44.9 hadi 61.7 ni ongezeko la asilimia 37.4. Ukigawa kwa 10 unapata 3.7, na hiyo si sahihi, kwa sababu kila mwaka unaongezeka juu ya idadi ambayo tayari imekua. Kosa linakuwa kubwa zaidi kipindi kikiwa kirefu: kwa 1988–2002 njia hiyo inatoa 3.5 badala ya 2.8 na kitu. Mtu akichanganya njia mbili kwenye jedwali moja, safu zake hazilinganishiki kabisa.

Ukitaka asilimia ionekane kwa macho, tumia mhimili wima wa logi. Kwenye Excel bofya mhimili wima mara mbili, weka tiki kwenye Logarithmic scale, msingi 10, mwanzo 10, mwisho 100. Hapo umbali sawa wa kimo una maana ya kuzidisha sawa. Mhimili ukiwa na urefu wa sm 10, kila idadi inapokuwa maradufu mstari hupanda sm 3, iwe ni kutoka milioni 15 kwenda 30 au kutoka 30 kwenda 60. Ukuaji wa asilimia isiyobadilika huwa mstari mnyoofu. Utaona kipande cha kwanza na cha mwisho vina mwinuko karibu sawa, na vitatu vya katikati vimelala kidogo. Kwenye mhimili wa kawaida jambo hilo halionekani kamwe.

Na hapa ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Mhimili wa pili wa kulia usiuweke. Bara ilitoka karibu milioni 12.0 mwaka 1967 ikafika 59.9 mwaka 2022, Zanzibar ilitoka karibu 0.35 ikafika 1.89. Ukiipa kila moja mhimili wake, wewe ndiye unayeamua mistari ikutane wapi. Badili mwisho wa mhimili wa kulia kutoka 2 kuwa 4, na Zanzibar inashuka nusu. Msomaji ataona mistari inakatana mwaka fulani na kudhani kuna kitu kilitokea mwaka huo.

Weka logi kuanzia 0.1 hadi 100 na zote mbili zitaingia zikiwa na mwinuko unaolinganishika. Sensa mbili za mwisho zinaonyesha Zanzibar imepanda kwa kasi zaidi: kutoka 1.30 hadi 1.89, sawa na asilimia 3.7 kwa mwaka, dhidi ya 3.2 ya Bara.

---

mchambuzi_kata

Asanteni sana. Scatter imekubali, miaka imekaa sawa. Wasiwasi wangu ni huo wa logi: ripoti itasomwa na madiwani na kamati za shule. Wataielewa?

---

Logi Kumi

Kwa kamati ya shule, usiitumie. Namba za mhimili wake (0.1, 1, 10, 100) humfanya msomaji asiyezoea aone Zanzibar ni kama nusu ya Bara. Chora grafu mbili za kawaida bega kwa bega, upana uleule, miaka ileile, ya Bara 0 hadi 70 na ya Zanzibar 0 hadi 2.5, na juu ya kila moja uandike wazi kwa maneno kuwa vipimo vya wima havifanani. Logi iache kwa kiambatisho cha wataalamu.

---

Mto Athi

Salamu kutoka Kenya. Huku tatizo hili halionekani haraka kwa sababu sensa zetu tangu 1969 zimefanyika kila baada ya miaka 10: 1969 (10.9), 1979 (15.3), 1989 (21.4), 1999 (28.7), 2009 (38.6) na 2019 (47.6). Line na Scatter zinatoa umbo lilelile.

Lakini jaribu kuweka nchi zote mbili pamoja. Miaka haigongani hata mmoja. Ukipanga miaka yote 12 kwenye safu moja na kuacha seli tupu pale nchi haikufanya sensa, Line inakuachia nukta zilizotawanyika karibu zote bila mstari, maana karibu kila thamani imezungukwa na tupu (isipokuwa 1989 na 1999 za Kenya, zinazofuatana). Wengine hujaza sufuri ili mstari urudi, na grafu inakuwa meno ya msumeno. Na kuna wanaoweka sensa ya kwanza juu ya sensa ya kwanza, ya pili juu ya ya pili, hadi mwaka 1999 wa Kenya ukasimama juu ya 2002 wa Tanzania. Hilo ndilo baya zaidi, kwa kuwa mchoro unaonekana safi kabisa.

Kwenye Scatter kila nchi inapewa safu yake ya miaka na safu yake ya idadi. Bofya kulia, Select Data, ongeza ya pili, elekeza X kwenye miaka ya Kenya na Y kwenye idadi ya Kenya. Safu za Tanzania usiziguse.

Jambo dogo la uchapishaji: ripoti kama hizi huishia kwenye fotokopi nyeusi na nyeupe. Bluu na nyekundu hutoka kijivu kimoja. Mstari mmoja uwe mzima, mwingine wa vikato, na jina la nchi liandikwe mwishoni mwa mstari wake badala ya kulifungia kwenye ufunguo pembeni.

---

Mhariri wa Ripoti

Swali la tatu halijajibiwa, na ndilo grafu nyingi zinapoangukia. Watu huandika «Grafu hapo juu inaonyesha idadi ya watu» kisha wanaendelea na safari. Msomaji hajapewa kitu.

Kichwa cha grafu kiseme nini, wapi, lini: «Idadi ya watu Tanzania kwa sensa za 1967 hadi 2022». Chini yake, maelezo yaanze na jambo kuu, si na rangi za mistari. Baada ya hapo taja mwanzo na mwisho kwa namba na kizio, kisha sehemu moja au mbili ambazo mwenendo umebadilika, na mwisho ni nini grafu haiwezi kusema. Usisome nukta zote sita. Kazi hiyo ni ya jedwali, na jedwali liwekwe hapohapo chini kwa anayesomewa au anayetumia simu ya kioo kidogo.

Kwa takwimu zako ningeandika hivi:

«Idadi ya watu Tanzania ilipanda kutoka milioni 12.3 mwaka 1967 hadi milioni 61.7 mwaka 2022, yaani takriban mara tano ya idadi ya mwanzo katika miaka 55. Wastani wa watu walioongezeka kwa mwaka ulikua katika kila kipindi, kutoka karibu milioni 0.5 kati ya 1967 na 1978 hadi karibu milioni 1.7 kati ya 2012 na 2022. Kwa asilimia, kasi ya ukuaji ilishuka hadi 2.7 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012, kisha ikapanda hadi 3.2. Nukta ni matokeo ya sensa. Mistari inayoziunganisha haionyeshi hesabu ya miaka ya katikati.»

Sentensi ya mwisho msiifute kwa kuona ni ndefu. Bila hiyo mtu atasoma mstari pale 1995 na kunukuu namba kana kwamba kulikuwa na sensa.

Angalieni pia asilimia na pointi za asilimia. Kutoka 2.7 hadi 3.2 ni kupanda kwa pointi 0.5 za asilimia. Ukiandika «kasi ilipanda kwa asilimia 0.5» umesema kitu kingine, kwa kuwa 0.5 ni kama asilimia 18.5 ya 2.7.

Na vitenzi vibebe uzito wake. «Ilipaa», «iliporomoka», «ilishuka mno» vinahitaji namba pembeni. Kama kasi ilitoka 2.8 kwenda 2.7, andika «ilishuka kidogo, kutoka 2.8 hadi 2.7». Mnaposema «ilitulia», mwenendo uwe haukubadilika kweli kwa vipindi zaidi ya viwili.

---

Rula na Penseli

Mchambuzi, kama ripoti itagusa mikoa, tahadhari moja kabla hujafika huko. Mikoa ni 31, usiiweke kwenye grafu ya duara. Vipande vitakuwa vyembamba hata rangi zitakuishia. Tumia pau za kulala, zilizopangwa kuanzia mkoa wenye watu wengi kwenda wenye wachache, ili majina yasomeke bila kugeuza shingo.

Na pau lazima zianzie sufuri, kwa sababu jicho linapima urefu wa pau nzima. Chukua Mwanza (milioni 3.7), Tabora (3.4), Morogoro (3.2) na Dodoma (3.1) kwa sensa ya 2022. Ukianzisha mhimili kwenye 3.0, pau ya Mwanza inakuwa na urefu mara saba ya ile ya Dodoma. Kwa watu, Mwanza inaizidi Dodoma kwa takriban asilimia 20 tu. Programu nyingine huukata mhimili zenyewe namba zikikaribiana, kwa hiyo hakikisha mwanzo umeandikwa 0 kwa mkono.

Kwa mstari sharti hilo ni jepesi zaidi. Grafu ya kasi ya ukuaji, kwa mfano, ikianzia 0 na kuishia 10, tofauti ya 2.7 na 3.2 itazama. Anzia 2.0, ishia 4.0, na uandike kwenye kichwa kuwa mhimili unaanzia 2.0.

---

mchambuzi_kata

Nimeelewa wakuu. La mwisho: naruhusiwa kuendeleza mstari hadi 2032 ili kuonyesha madarasa yatakayohitajika?

---

Logi Kumi

Unaruhusiwa, ila usiendeleze mstari mmoja. Ukibaki na asilimia 3.2 kwa mwaka, 61.7 inafika karibu milioni 85 mwaka 2032. Ukirudi kwenye 2.7, inafika karibu 80.8. Chora yote mawili kwa vikato kuanzia 2022, paka kijivu chepesi katikati yake, panua mhimili wima hadi 90 na mlalo hadi 2035, na kwenye kila mstari uandike asilimia uliyotumia. Kwa madarasa, lakini, idadi ya watu wote haitoshi. Tafuta jedwali la umri la sensa ya 2022 kwa kata au wilaya yako na uchukue watoto wa miaka 0 hadi 6, kwa kuwa hao ndio wa kuanza darasa la kwanza ndani ya miaka michache baada ya sensa hiyo, na tayari wamehesabiwa.